Ukifika Prado, simu mfukoni

Basi jamani tuendelee. Leo ni Prado ya Madrid, makumbusho iliyofunguliwa 1819, na kabla hamjauliza, ile picha ya kuchorwa ya Picasso, Guernica, haipo pale, tangu 1992 iko Reina Sofía, makumbusho nyingine, sio mbali mnatembea tu.

Hela kwanza maana wanafunzi nawaona. Masaa mawili ya mwisho ni bure, Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni, ila foleni sasa, we acha tu. Na kwa masaa mawili huimalizi Prado hata ukimbie, so chagueni picha mbili tatu za kuangalia basi. Kupiga picha mle ndani hairuhusiwi... mnaguna eeh? Mi naona afadhali, maana bila simu inabidi uangalie kweli.

Chukua Las Meninas, picha ya mchoraji Velázquez, 1656. Ukisimama kidogo unaona binti mfalme yuko katikati, mchoraji mwenyewe yuko kushoto kashika brashi anakutazama, afu ukutani kule nyuma kuna kioo, na kwenye kioo wanaonekana mfalme na malkia, sasa wao wamesimama wapi? Wasomi wanabishana mpaka leo.

Huyu Velázquez alikuwa na mtumwa, Juan de Pareja, mwenye asili ya Kiafrika, ndo alikuwa anamsaidia kwenye karakana. Mwaka 1650 wakiwa Roma akamchora, picha hiyo iko makumbusho ya Metropolitan, New York, na mwaka huohuo akamwandikia hati ya uhuru, kwa sharti kwamba atumike miaka minne mingine. Uhuru wa mkopo huo! Ila Pareja akaja kuwa mchoraji kamili na 1661 akachora Mathayo anavyoitwa na Yesu, na hiyo ni ya Prado, ina zaidi ya mita tatu kwa upana. Sasa usiende kumtafuta Yesu kwanza, angalia kushoto kabisa pembeni, kuna mwanaume kasimama anatutazama, ndo Pareja mwenyewe huyo. Bosi wake alijichora kashika brashi, yeye kajichora na karatasi mkononi, na kwenye karatasi kaandika jina lake.

Picha huwa zinahamishwa vyumba, kwa hiyo mkifika mlangoni muulizeni mhudumu Pareja yuko wapi, msianze kuzunguka.

Haya, dada pale nyuma, uliza.