Munkoyo ni pombe ao si pombe?

NADÈGE: Jambo yenu wote. Wa hapa Lubumbashi, wa Kampemba, wa Katuba, wa Ruashi, na wewe unayetusikiliza kazini huku umeficha spika ya sikio chini ya kitambaa. Ni sisi tena.

KABWE: Na leo Nadège amefika kabla yangu. Andikeni tarehe.

NADÈGE: Nimefika mapema kwa sababu nina kesi. Yaya Kabwe, mkubwa wangu, bidoni yangu iko wapi?

KABWE: Tunaanza na bidoni?

NADÈGE: Ya njano, lita 10. Nimepita kwako leo asubuhi kuichukua, naikuta imeshuka mpaka nusu.

KABWE: Tusalimie watu vizuri kwanza. Leo tuna mada: mwenendo kwenye mikutano yetu ya watu wa kompyuta. Hii ya kujitolea, ambayo hakuna anayelipwa na kila mtu anachoka. Nimeandika mafunzo 5, karatasi hii hapa. La kwanza...

NADÈGE: Kabla ya la kwanza, waeleze watu kwa nini bidoni yangu ililala kwako.

KABWE: [anacheka] Haya. Jumamosi tulikuwa Kamalondo, kwenye ile salle, ule ukumbi tunaoazimwa. Mimi nilikaa mlangoni, naandika majina. Nadège anashuka kwenye taksi na bidoni ya munkoyo. Na kanuni ya 4 ya mkutano wetu inasema hakuna pombe ndani.

NADÈGE: Munkoyo si pombe!

KABWE: Inategemea siku.

NADÈGE: Kwa ndugu zetu wa mbali wasioijua: unga wa mahindi unapikwa uji, unaachwa upoe, halafu inatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ule uji mzito unalainika wenyewe, unakuwa maji maji, unakuwa mtamu. Ata watoto wanaunywa. Bibi yangu alitupa kabla ya kwenda shuleni.

KABWE: Ya siku ya kwanza, ndiyo. Ya siku ya 3, mtoto anarudi kutoka shuleni anamfundisha mwalimu.

NADÈGE: Yangu ilitengenezwa Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya pili.

KABWE: Siku ya pili ni ya mashaka. Mimi ni mlinzi wa mlango, mashaka yakiwepo, bidoni inabaki nje.

NADÈGE: Unaona? Hizo kanuni tulizikopi kutoka ng'ambo usiku mmoja. Aliyeziandika hajui munkoyo. Alifikiria bia.

KABWE: Wewe njo uliyezileta! Ulisema kwamba mwaka 2012 ile taasisi ya Marekani ya Python, lugha ya kuandikia programu, iliamua haitatoa tena makuta, pesa, kwa kongamano lisilo na kanuni za mwenendo. Sisi tulitaka kuomba makuta, basi tukaandika kanuni.

NADÈGE: Na makuta hatujapata ata faranga moja.

KABWE: Lakini kanuni tunazo. [vicheko]

NADÈGE: Sawa, tuingie ndani, kwa sababu bidoni ilibaki nje lakini matata yaliingia. Kulikuwa na msichana mmoja, sitamtaja jina. Ni mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu. Alitengeneza programu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ya mama yake na wenzake, wale wanaouza kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa kwetu. Nani ametoa, nani zamu yake, nani amechelewa. Kitu kidogo, safi. Watu kama 30 wanaangalia ukutani. Na mzee mmoja, ambaye pia hatumtaji...

KABWE: Mzee wa projekta.

NADÈGE: Mzee wa projekta. Anasimama katikati ya maneno ya mtoto: "Binti, kumbe hujui ata hii? Mwachie baba." Anachukua mashini, kompyuta ya mtoto. Anaigeuza upande wake. Kwa vidole viwili, tok, tok, tok, anafuta mstari wake na kuandika wa kwake. Mimi sikuangalia ukuta, niliangalia mkono wa yule mtoto. Ulibaki hewani, pale pale kibodi ilipokuwa. Hakujua aupeleke wapi. Mwishoni akaukalia.

KABWE: Na programu ikakataa.

NADÈGE: Ukuta wote ukawa mwekundu! Mzee akasema mashini ya mtoto ni mbovu. Dakika 11, nilikuwa naangalia saa. Nikasimama nikasema, "Papa, samahani, mrudishie mashini yake, ni zamu yake." Njo hivyo tu.

KABWE: Mbele ya watu wote.

NADÈGE: Yeye alimpokonya wapi? Chooni?

KABWE: Nadège, sikiliza. Mzee alikosea, hilo hatubishani. Lakini mtu mwenye mvi hakemewi mbele ya watoto. Ungesema, "Tupumzike dakika 5, watu wanywe maji." Ungeniita. Mimi ningemtafuta mkubwa mwenzake, wamkalishe pembeni. Angerudi mwenyewe anamsifu mtoto. Badala yake alikunja waya wake pole pole, anauzungusha kwenye kiwiko, sote kimya tunamtazama, akaondoka na projekta yake.

NADÈGE: Na hizo dakika 5 za maji, yule mtoto anafanya nini? Anakunywa maji na aibu yake. Anajifunza kwamba akipokonywa, wakubwa wanatangaza mapumziko.

KABWE: Anajifunza kwamba wakubwa wanapanga.

NADÈGE: Haoni mkipanga! Mnapanga uani. Kosa lilifanyika mbele ya watu 30, wale 30 nao wanahitaji kusikia kwamba hapa hatufanyi hivyo. Kuna shule moja ya programu New York, Recurse Center, ina kanuni 4 ndogo za kuishi pamoja. Usijifanye unashangaa mtu akisema hajui kitu. Usimkatize mtu kusahihisha kitu kidogo kisichobadilisha hoja yake. Usiendeshe gari kutoka kiti cha nyuma, maana yake kutupa mashauri kwenye kazi ya wengine bila kushiriki. Na uache maneno ya chini chini ya kudharau watu, wanawake, rangi, asili.

KABWE: Mzee wetu hakukaa kiti cha nyuma. Alimtoa dereva.

NADÈGE: [anacheka] Aksanti! Umekubali.

KABWE: Nimecheka, sijakubali. Hao wa New York, mtu akiudhika anakwenda mkutano mwingine barabara ya pili. Sisi projekta tunayo moja. Umeme ukikatika, jenereta ni yake pia. Wazee wa pwani wanasema mkubwa jalala, kila takataka anabeba...

NADÈGE: Basi angebeba na ile sentensi yangu moja!

KABWE: Jalala lenyewe halina jenereta. [vicheko] Ngoja, nakupa mfano wa kwako, usioupenda. Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta. Imeanza 1991. Mwenye kuianzisha, Linus Torvalds, alikuwa anaandikia watu barua za ukali, dunia nzima inajua. Mwaka 2015 wakaweka karatasi, wakaiita kanuni za migogoro, si za mwenendo. Ni Septemba 2018 njo aliomba msamaha, akapumzika kidogo, na mradi ukachukua kanuni za kweli. Hesabu: miaka 27. Na wewe unataka mzee wa Kamalondo abadilike katika dakika 11.

NADÈGE: Na katika hiyo miaka 27 ni wangapi waliondoka kimya? Huyo mfano ni wangu, yaya, umenipa bure. Alibadilika kwa sababu watu walisema wazi.

KABWE: Alibadilika kwa sababu alikuwa tayari. Na mtu hawi tayari akiwa anakunja waya.

NADÈGE: Hapana.

KABWE: Ndiyo.

NADÈGE: Hapana, yaya Kabwe. Hapo tutabaki hapo.

KABWE: Tubaki. [kimya] Bon, fundisho la kwanza...

NADÈGE: Bado hujajibu. Lita 5 zimekwenda wapi?

KABWE: ...

NADÈGE: Msikilizaji, anaangalia karatasi yake.

KABWE: Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kumsalimia mzee.

NADÈGE: Mzee gani?

KABWE: Nadège.

NADÈGE: Na munkoyo yangu?!

KABWE: Huwezi kwenda kutengeneza mambo mikono mitupu. Nilimimina nusu kwenye bidoni ndogo. Tulikaa chini ya mwembe wake, tukanywa, tukaongea habari za Lupopo, timu yetu ya mpira, kwa saa nzima. Halafu nikasema, watoto wa siku hizi wana haraka, utusamehe.

NADÈGE: "Utusamehe." Sisi akina nani?

KABWE: Sisi wa mkutano.

NADÈGE: Uliniombea msamaha. Kwa kinywaji changu. Bila kuniuliza.

KABWE: Niliomba kwa ajili ya mkutano. Projekta inarudi Jumamosi.

NADÈGE: Na juu ya yule mtoto ulimwambia nini?

KABWE: ...Sikufika huko bado. Mambo yanakwenda hatua kwa hatua.

NADÈGE: Hukufika. Saa nzima ya Lupopo, yeye hamkumfikia. Mimi nilimwandikia jana. Unajua amejibu nini? "Yaya, nitakuja kusikiliza tu." Kusikiliza tu!

KABWE: [kimya] Hilo sikulijua.

NADÈGE: Na kitu kingine. Munkoyo ilitengenezwa Ijumaa. Jumapili ni siku ya ngapi?

KABWE: Ah.

NADÈGE: Hesabu kwa sauti.

KABWE: Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili...

NADÈGE: Tatu! Kwa sheria yako mwenyewe, mlinzi wa mlango, ulimpelekea mzee pombe ili aje kwenye mkutano usio na pombe.

KABWE: [anacheka mpaka anakohoa] Kwa hiyo ndiyo maana alisamehe haraka.

NADÈGE: Mimi sicheki, yaya.

KABWE: Najua. Unacheka kidogo.

NADÈGE: Kidogo. Lakini Jumamosi mimi naleta shuka jeupe na mashini yangu, yule mtoto akitaka kuonyesha kazi yake ataonyesha bila projekta ya mtu.

KABWE: Shuka bila projekta utaangaza na nini?

NADÈGE: Watu 30 watasimama nyuma yake kwa zamu.

KABWE: Na mzee akifika na projekta yake, maana nimekwisha kumwalika?

NADÈGE: Utampokea wewe mlangoni. Na utamsomea kanuni. Zote, si ya 4 peke yake.

KABWE: Nisomee mtu niliyekunywa naye chini ya mwembe! Haiwezekani. Hapo umenipa... Kinasa sauti kinawaka nyekundu, umeme haujarudi tangu saa nane.

NADÈGE: Na mafunzo yako 5?

KABWE: Fundisho la kwanza lilikuwa "fikeni mapema". Mengine wiki ijayo.

NADÈGE: Bidoni yangu je?

KABWE: Kesho nakuletea.

NADÈGE: Kesho ni siku ya 6, yaya. Usiipande nayo taksi, itapas—