Kijana Aliyepewa Chakula cha Kijiji Kizima
Mhadhara wa wazi kuhusu dhima ya chuo kikuu, kama ulivyotolewa

Ahsante Mwenyekiti. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mliosimama mlangoni ingieni, huku mbele kuna viti.

Nimepewa mada ya dhima ya chuo kikuu: wananchi wanasemaje na wanataaluma wanasemaje. Wanaonifahamu wanajua kwamba hili nimelisema kumbi nyingi, na leo nalisema tena kwa sababu bado halijafanyiwa kazi. Historia ya Mlimani, Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, mnaijua, kwa hiyo sitaanzia mtaa wa Lumumba kilikozaliwa wala mwaka 1961. Nitaanza na kijana mmoja.

Mei 1964, Mwalimu Nyerere alipowasilisha Bungeni Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alieleza kwa nini nchi maskini kama yetu inawasomesha watu wachache mpaka juu kabisa. Akatoa mfano wa kijiji chenye njaa. Chakula kilichobaki ni kidogo, hakimtoshi kila mtu. Wanakijiji wanakikusanya chote, wanampa mtu mmoja ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea chakula. Akikila kile chakula asirudi na msaada, mtu huyo, alisema Mwalimu, ni msaliti.

Mfano huu umesemwa kwenye mahafali mengi hata hausikiki tena. Watu wanapiga makofi, wanakwenda kupiga picha. Mimi naomba leo tuingie kijijini humo, tukae kidogo.

Ni jioni. Kuna mama ananyonyesha, amebakiza vibaba viwili vya unga, anavileta. Kuna mzee alikuwa na mbegu za msimu ujao, naye anazileta. Kuna mjane ambaye hana mtoto wa kumtuma, mtoto wake hakuvuka darasa la saba, lakini na yeye analeta. Wote wanalala njaa usiku ule ili kijana ashibe. Asubuhi anaondoka. Sasa niulize: walimtuma nini?

Walimtuma chakula. Ajira hawakumtuma. Kijana huyu akifika ugenini akapata kazi nzuri, akawa anamtumia mama yake fedha kila mwisho wa mwezi, amefanya jema kwa mama yake na Mungu ambariki. Lakini kijiji bado kina njaa. Mjane yule hajapata kitu. Na mjane yule yupo hata leo. Ni mama ntilie anayelipa kodi kila anaponunua sukari na sabuni, na kodi hiyo ndiyo inayojenga maabara na kutulipa sisi mishahara. Wazazi wenzangu, tunaposema "mwanangu asome apate kazi atusaidie," tunasema kweli, ila tunausema mfano nusu. Tumemtoa mjane kwenye hesabu.

Na sisi walimu wa vyuo tunausema nusu nyingine. Kwetu kijana amefika ugenini, ameyaona mahindi, ameyachunguza vizuri na kwa uaminifu, ameyaandikia makala kwa lugha ya ugenini, na wa ugenini wamemsifu kwamba ni mchunguzi hodari wa mahindi. Amepanda cheo. Njia ya kurudi kijijini haijui tena. Akiulizwa anajibu kwamba kazi ya chuo kikuu ni kutafuta maarifa. Sawa, maarifa umeyapata. Yako wapi?

Hapa lazima niwasimulie habari ya Rufiji. Mwenyekiti, najua muda, lakini hii siikati.

Nilikuwa kijana, msaidizi wa utafiti. Chuo sitakitaja. Tulikwenda kule delta kuuliza habari za mafuriko na kilimo cha mpunga. Nikafika kwa bibi mmoja, nikamwamkia, nikatoa dodoso langu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni wa nne. Wa kwanza aliniuliza maji yalinichukulia magunia mangapi, nikamwambia. Wa pili akaniuliza hayo hayo. Wa tatu akafunga kile pale." Akanionyesha kipimo cha mvua kwenye nguzo, karibu na banda la kuku. Aliyekifunga hakurudi tena.

Halafu akanipeleka mlangoni kwake. Nyuma ya ubao wa mlango kulikuwa na mistari ya mkaa, midogo kwa mikubwa, safu kwa safu. Kila mvua iliponyesha, bibi alikwenda asubuhi kutazama maji yamefika wapi kwenye kipimo, akachora mstari wa urefu ule ule mlangoni, kisha akakimwaga. Misimu mitatu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alidhani huenda mwenye kipimo atarudi kuuliza.

Akaniuliza, "Sasa wewe niambie. Mistari hii inasemaje? Mwaka huu nipande bondeni au nipande juu?"

Sikuwa na jibu. Dodoso langu halikuwa na nafasi ya swali la bibi, lilikuwa na nafasi ya majibu yake tu. Nikajaza, nikamshukuru, nikaondoka. Ripoti ilitoka, ninayo nakala kabatini, zaidi ya kurasa 200 za Kiingereza. Humo ndani bibi ni namba. Na ile mistari ya mkaa, kumbukumbu ya mvua ya misimu mitatu iliyotunzwa na mkulima mwenyewe, hakuna aliyeinakili. Hata mimi sikuinakili. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, bibi yule alikuwa anafanya kazi ya chuo kikuu. Alipima, akatunza kumbukumbu, akauliza swali. Sisi ndio hatukufanya yetu.

Sasa namwona mwenzangu pale safu ya tatu anatikisa kichwa, na najua anachotaka kusema. Kwamba nataka kukigeuza chuo kikuu kiwe ofisi ya bwana shamba, kwamba elimu isiyoleta faida leo nataka ifutwe. Sisemi hivyo, na nitakasirika mkiondoka hapa mkisema nimesema hivyo.

Tazameni Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI tuliyoizoea, ambayo sasa ni TATAKI. Chimbuko lake ni kamati ya lugha ya mwaka 1930, ikaja kuwa taasisi chini ya chuo cha Mlimani mwaka 1964. Watu walikaa miaka wakikusanya maneno, wakibishana neno hili lina maana ngapi. Nani angeajiri mtu wa kubishana juu ya maana za neno? Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na tangu hapo mwalimu wa shule ya msingi, karani wa mahakama na mtangazaji wa redio wamekuwa na mahali pa kwenda kuuliza. Mjane wetu hajui kamusi imeandikwaje, lakini hukumu ya kesi yake ya kiwanja akiisomewa kwa Kiswahili kinachoeleweka, amekula chakula kile.

Au nendeni Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Watu wa panya. Mtu anayechunguza panya buku, wazazi wangapi wangemlipia ada kwa furaha? Lakini panya wale, kwa mradi wa APOPO wenye makao yake pale chuoni, wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja aliyefunzwa pale, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na mabaki ya mabomu zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Hapa nyumbani sampuli za makohozi kutoka kliniki hurudiwa na panya, na wagonjwa ambao hadubini iliwapita wanapatikana. Kwa hiyo msiniambie kwamba napinga udadisi. Udadisi ule umerudi nyumbani, na mimi naudai huo huo.

Sasa nimjibu kijana aliyekaa kwenye ngazi, maana ameniandikia kikaratasi: "Profesa, nina digrii na ninaendesha bodaboda, unanieleza habari za panya." Mwanangu, hasira yako ni ya haki. Lakini anayekwambia chuo ndicho kilichokunyima kazi amekupotosha. Chuo hakijengi viwanda wala hakitoi vibali vya ajira serikalini. Tulichokosa sisi ni kukwambia ukweli siku unajaza fomu. Tuliiacha jamii iamini kwamba cheti ni hundi, kwa sababu imani hiyo ilitujazia madarasa. Hata mradi mkubwa wa vyuo ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, unaitwa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi. Uchumi tu. Majengo yatakuja na nayafurahia, lakini jina lenyewe linawaonyesha wakubwa wanatuona ni nini.

Na msidhani ugomvi huu ni mpya. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, akapunguza mishahara ya wakubwa, wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wako wanaosema alionea, wako wanaosema alifundisha adabu. Mimi naona alikuwa na haki ya kudai deni, ila kumfukuza kijana njiani hakumfanyi alete chakula. Hilo linahitaji mhadhara wake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matatu zaidi, nitayapita mbio.

Uhuru wa taaluma. Aprili 1990 wanataaluma walitoa Azimio la Dar es Salaam, na jina lake lina sehemu mbili: uhuru, na wajibu kwa jamii. Tunapenda kukariri sehemu ya kwanza.

Kupanda vyeo. Makala katika jarida la nje inampandisha mhadhiri. Kusimama mbele ya mkutano wa kijiji ukaeleza ulichokiona hakumpandishi. Badilisheni hilo, na nusu ya ninayoyalilia itakwisha yenyewe.

La mikopo ya wanafunzi naliacha, tutagombana mpaka usiku.

Ninachokidai ni kidogo. Kila tasnifu, kila ripoti, iwe na kurasa mbili za Kiswahili chepesi, na aliyeiandika azipeleke mwenyewe kwa waliomjibu maswali, akae, aulizwe. Asiyefanya hivyo asivae joho.

Mimi naanza na deni langu. Ile ripoti ya kabatini nimeifupisha. Bibi alishafariki, lakini mjukuu wake analima shamba lile lile, nimeongea naye kwa simu, na mwenyekiti wa kijiji ametupa siku. Tunaondoka Jumamosi alfajiri kwa magari mawili na nafasi zimebaki sita. Nataka wanafunzi, na nataka angalau mhadhiri mmoja. Majina nayaandika hapa mezani. Karibuni maswali.