Yule Dereva Nani Kamuua? Watazamaji na Filamu ya The Big Sleep

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki. Taa zilipowashwa nilitarajia nusu yenu mtakimbilia mlangoni, lakini mligeukiana mkaanza kuulizana. Na mama mmoja hapa safu ya mbele hakuningoja hata nishike kipaza sauti. Kaniuliza, "Mwanangu, yule dereva nani kamuua?" Nilikuwa na karatasi zangu za mhadhara hapa mfukoni. Nimeziacha humohumo, maana swali la mama lina mambo mengi kuliko niliyoyaandika.

Tumetazama The Big Sleep ya mwongozaji Howard Hawks, iliyotoka Agosti 1946, Humphrey Bogart akiwa mpelelezi Philip Marlowe. Dereva anayeulizwa ni Owen Taylor, mtumishi katika nyumba ya Jenerali Sternwood huko Los Angeles. Gari aina ya Packard linaopolewa baharini penye gati la Lido, na yeye yumo ndani, maiti. Alijiua? Alipigwa kichwani kisha gari likasukumwa majini? Picha haisemi. Mama, swali lako waliliuliza hata waliokuwa wakiitengeneza picha hii. Walibishana wee, mwisho wakampelekea simu ya maandishi Raymond Chandler, mwenye riwaya yenyewe ya mwaka 1939. Miaka kadhaa baadaye Chandler alieleza katika barua kwamba hata yeye hakujua.

Hadithi hiyo husimuliwa kwa vicheko kila picha hii inapotajwa. Mimi hainichekeshi. Kuna mtu kafa pale.

Basi nisikilizeni ninyi mliosema hamkuelewa. Nimesikia kijana mmoja pale nyuma akimwambia mwenzake kwamba asiyeelewa picha hii hajui sinema. Hapana, mwanangu, usimwambie hivyo. Mwaka uleule wa 1946, Bosley Crowther, mhakiki wa gazeti la New York Times, alilalamika kwamba mambo yamefumbwa mno na kusukwasukwa hata hayafuatiliki. Na sisi tuliosoma Kiswahili tukiwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tumezoea kwamba mafundo yote yatafunguliwa mbele yetu kabla hatujafunga kitabu. Mtu aliyelelewa hivyo akiachwa na maiti isiyo na maelezo, ana haki ya kudai.

Tena mkanganyiko huu una sababu. Chukueni duka la vitabu la Geiger, mtu ambaye Marlowe anamchunguza. Marlowe anaingia, anaulizia Ben-Hur ya mwaka 1860, toleo la tatu, lile lenye mstari uliorudiwa ukurasa wa 116. Yule Agnes wa dukani anamjibu tu kwamba hawana. Marlowe anavuka barabara, anaingia duka jingine, anauliza vilevile. Binti mwenye miwani, aliyeigizwa na Dorothy Malone, anapekua kitabu chake cha orodha na kumwambia kuwa hakuna mtu aliye nacho, kwa sababu kitabu cha namna hiyo hakipo. Hapo tumeshajua kwamba la Geiger si duka la vitabu. Sasa ni duka la nini? Katika riwaya imesemwa wazi: anaazimisha vitabu na picha za uchi kwa siri. Lakini kuanzia 1934 studio za Hollywood zilikuwa chini ya kanuni kali za maadili, na jambo hilo halikuweza kutamkwa. Hata binti mdogo wa Jenerali, Carmen, ambaye riwayani anapigwa picha akiwa uchi, hapa amevishwa vazi la Kichina. Halafu mtazamaji anaambiwa picha hiyo ya Carmen inatosha kumkamua pesa mzee tajiri. Atashikaje, ikiwa kiini chenyewe kimefichwa?

Sababu ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, maana ilitokana na maoni ya watazamaji. Picha hii ilipigwa kati ya Oktoba 1944 na Januari 1945. Vita vilikuwa ukingoni, na studio yake, Warner Bros., walikuwa na picha za vita zilizohitaji kutoka kabla hazijapitwa na wakati, kwa hiyo hii ikawekwa kando. Walioitazama 1945 ni wanajeshi wa Marekani waliokuwa ng'ambo. Katikati ya kungoja huko, Lauren Bacall, anayeigiza dada mkubwa Vivian, akatokea katika picha nyingine na kusemwa vibaya na wahakiki. Wakala wake, Charles Feldman, akamwandikia Jack Warner, mkuu wa studio, kumsihi binti huyu apewe nafasi ya kuonyesha ule ujeuri wake uliopendwa na watu. Januari 1946 wakarudi studio. Wakati huo Bogart na Bacall walikuwa mume na mke tangu Mei 1945, na umma ulitaka kuwaona pamoja.

Wakaongeza pale mkahawani ambapo Marlowe na Vivian wanazungumza habari za farasi wa mashindano, nani hutoka kwa kasi na nani hungoja hadi kona ya mwisho, na kila aliyekaa humu leo alielewa kwamba farasi hawamo kabisa katika mazungumzo yale. Nyie mlishangilia, nimewasikia. Ili kupata nafasi, wakatoa mengine, na mojawapo ni mkutano katika ofisi ya mwendesha mashtaka, ambako Marlowe alikuwa akipanga matukio moja baada ya jingine. Yaani maelezo mnayoyatafuta yalipigwa kamera, yakaonyeshwa kwa wanajeshi, kisha yakaondolewa.

Toleo lile la awali lilirudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1997, watu wakapata kulinganisha. Mhakiki Roger Ebert aliamua kwamba kwa mara hii studio ilipoingilia kati ilifanya sawasawa. Mimi nakubaliana naye nusu. Mazungumzo ya farasi yakitolewa, Vivian anabaki mtoto wa tajiri mwenye siri tu; yakiwemo, tunaona watu wawili wanaopimana kama wanaweza kuaminiana katika mji ambao kila mtu ana uongo wake. Hilo ni kubwa. Lakini nikimtazama Marlowe kote humu, namwona ni mtu anayetaka kujua. Hajali mwanamke mzuri peke yake. Anajali nani kafa na kwa nini.

Mkumbukeni Harry Jones, yule bwana mdogo mwembamba aliyeigizwa na Elisha Cook Jr. Marlowe yuko gizani chumba cha pili. Anasikia sauti ya yule muuaji Canino, laini, ya adabu, ikiuliza Agnes yuko wapi. Harry anataja nyumba. Canino anammiminia kinywaji, anamkaribisha anywe, kama mwenyeji na mgeni wake. Harry anakunywa, na anaanguka. Ilikuwa sumu. Baadaye Marlowe anapiga simu kwenye ile nyumba, anaambiwa huyo Agnes hayuko hapo. Harry alidanganya huku kifo kimesimama mbele yake, kwa ajili ya mwanamke ambaye usiku uleule anachojali ni dola 200 tu. Nimeitazama picha hii mara nyingi, na pale Marlowe anaposimama na simu mkononi, nami hunyamaza.

Sasa Taylor, dereva, naye alimpenda mtu. Alimpiga Geiger risasi kwa ajili ya Carmen. Angestahili dakika moja kama ya Harry. Katika matoleo yote mawili hakupewa. Hatumjui akiwa hai. Ndiyo maana, mama, nimekaa na swali lako muda wote huu.

Na liko mahali ambapo jibu linakaribia kutoka. Ni nyumbani kwa Joe Brody, yule anayetaka kuuza picha za Carmen. Marlowe anambana, na Brody anakiri kwamba usiku ule alimfuata Taylor, akampiga kichwani, akachukua picha za Carmen. Kisha, anasema, aliondoka. Marlowe hamwamini. Anamuuliza: ulimwacha mtu amezimia huko mbali, halafu akatokea mwingine tu akalipeleka gari mpaka baharini? Brody anakana. Mtazameni uso wake.

Fundi, tafadhali turudishie pale kwa Brody. Zimeni taa. Kengele ya mlango italia, Brody atakwenda kufungua, na risasi itampata hapohapo mlangoni.