Moyo Unapokimbia Ghafla

Ndugu zangu wa Arua, na nyie mama zangu mlioacha meza zenu sokoni mkaja kunisikiliza, asanteni sana.

Kuna mama aliletwa kwangu na wifi yake. Kwa miaka moyo wake ulikuwa ukienda mbio bila sababu, ameketi tu anachambua mchele. Akifika kituo cha afya, umeshatulia. Akaambiwa ni mawazo. Nyumbani wakasema majini. Nikamwuliza: unaanzaje, unaishaje? Akapiga kofi moja. "Hivi! Na kukoma ni hivyo hivyo."

Kofi lile lilinipa jibu kubwa. Moyo wa mwenye homa au upungufu wa damu kwa kawaida hupanda taratibu, hushuka taratibu. Wa kwake huruka papo hapo, kutoka mapigo 80 kwa dakika hadi 150, hata 200. Moyo hupigishwa na umeme unaoshuka kutoka juu. Wapo waliozaliwa na njia ya ziada. Umeme ukishukia hii na kupandia ile, unabaki kuzunguka, na kila mzunguko ni pigo.

Mzunguko huo unaweza kukatika. Mgonjwa akae ameegemea, apulize bomba tupu la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kisha alazwe chali haraka na kuinuliwa miguu sekunde 15 nyingine. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, wagonjwa 43 kati ya 100 walitulia hivyo. Kwa waliopuliza bila kulazwa, 17 tu. Mwombeni mhudumu wa afya awaonyeshe kwanza. Lakini anayezimia, anayebanwa kifua au kukosa pumzi, huyo ni wa hospitali, sasa hivi.

Nawasihi jambo moja: msisubiri moyo utulie ndipo mwende. Kipimo cha umeme wa moyo, moyo ukiwa umetulia, mara nyingi hakionyeshi kitu. Mtu akishikwa, ahesabiwe mapigo, saa iandikwe, apelekwe palipo na kipimo. Vidonge vipo, na wataalamu huweza kuiunguza njia ile ya ziada kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Mama yule alirudi kwa boda boda, moyo ukiwa bado unakimbia. Karatasi ya kipimo ilisoma mapigo 190. Wifi yake aliikunja vizuri, akaenda kuwaonyesha wale waliosema majini.