Nora Twomey, dairekta asiyemdanganya mtoto

Shikamooni walimu wetu, na nyie wenzangu wote karibuni sana. Leo naomba tumwongelee Nora Twomey wa Ireland, na niseme mapema kabisa kwamba kwangu mimi huyu mama ni kati ya watengeneza katuni wachache sana duniani wasiomdanganya mtoto, yaani anamkalisha chini anamwambia baba yako amekamatwa, chakula kimeisha, kaka yako alikufa hivi na hivi, na mtoto anaangalia mpaka mwisho na anatoka pale ana nguvu. Anafanyaje? Hilo ndo limenileta hapa.

Kazaliwa Cork, kusini mwa Ireland, 1971. Shule aliacha akiwa na miaka 15, akaingia kufanya kazi kiwandani, baadae ndo akarudi darasani, chuo cha Ballyfermot pale Dublin, kwenye mtaa wa wafanyakazi wa kawaida tu, akasomea animesheni na akamaliza 1995. Sasa angalieni huo mwaka, maana 1995 ndo mwaka ambao studio kubwa ya Mmarekani Don Bluth pale Dublin ilifungwa, studio iliyokuwa imeajiri mamia ya wachoraji, kwa hiyo huyu dada anatoka chuo na cheti mkononi halafu ajira zenyewe zimeyeyuka. Akafanya kazi kwenye studio ndogo pale Dublin, na 1999 yeye na Tomm Moore na Paul Young, wote wametokea Ballyfermot hukohuko, wakaanzisha studio yao ya katuni, Cartoon Saloon. Na hawakuianzisha Dublin, waliianzisha Kilkenny, mji mdogo wa kale wenye kuta za mawe, na mpaka leo wapo hapohapo.

Movi zake fupi za mwanzo nawasihi mzitafute. Ya 2002 imetoka kwenye ngano ya Wainuiti, watu wa kule kwenye barafu, mvuvi anavua mifupa ya mwanamke. Ya 2004 imesemwa kwa Kiairishi, ni ya mtoto aliyezaliwa kichwa kimegeukia nyuma na baba yake hamtaki. Mnaona alikoanzia? Mifupa, na mtoto aliyekataliwa. Halafu 2009 akashirikiana na Moore kuongoza The Secret of Kells, ile ya watawa na kitabu chao cha michoro ambacho chenyewe kipo kweli Dublin, Trinity College, na ikaingia kugombea Oscar pamoja na Up ya Pixar. Studio ya Kilkenny! Hawakushinda ila dunia ilishawajua.

Lakini mi nataka tukae kwenye The Breadwinner ya 2017, hapa aliongoza peke yake. Imetoka kwenye kitabu cha Deborah Ellis, mwandishi wa Kanada, inamhusu Parvana, binti wa miaka 11 mjini Kabul, Afghanistan, enzi za utawala wa kwanza wa Taliban, baba yake ni mwalimu aliyepoteza mguu vitani, wanamkamata wanampeleka gerezani, na nyumbani wamebaki mama, dada mkubwa, mtoto mchanga, na sheria inasema mwanamke asitoke bila mwanaume. Sasa nani ataenda sokoni?

Ile sehemu ya mkasi ndo ningependa muiangalie mara mbili mbili. Parvana ananyoa nywele zake, anavaa nguo za kaka yake aliyekufa, anatoka. Hakuna hotuba hapo, hakuna anayesema mwanamke anaonewa. Anaenda tu sokoni kwa muuzaji ambaye jana alimkatalia, na leo anauziwa, bila swali. Soko lilelile, pesa ileile, kilichobadilika ni nywele na nguo. Mtoto wa miaka tisa anaelewa hapo hapo, na mtu mzima anaelewa zaidi, na Twomey hajaongeza neno.

Halafu kuna Razaq. Huyu ni mtu wa Taliban, hajui kusoma, anampelekea Parvana barua amsomee akidhani ni kijana, na barua inamwambia mke wake Hala amefariki. Na huyo mtu mzima mwenye bunduki anabaki pale hajui aweke wapi mikono yake. Baadae anarudi anataka afundishwe kuandika jina la Hala. Dairekta mwingine angemfanya huyu jamaa adui tu amalizane naye, ila Twomey kampa msiba, na huo msiba ndo unakuja kufungua njia mwishoni.

Kitu cha pili ni hadithi ndani ya hadithi. Usiku Parvana anamsimulia mdogo wake Zaki habari za kijana anayeenda kupambana na Mfalme wa Tembo, na hapo mchoro unabadilika kabisa, Kabul imechorwa kwa rangi za vumbi na mistari ya kawaida ila ngano inakuja kama karatasi zilizokatwa kwa mkasi, rangi zinawaka. Kwanza unadhani ni mapumziko ili mtoto apumue. Kumbe taratibu yule shujaa anapewa jina la Sulayman, jina la kaka aliyekufa, na mwishoni kabisa ndo unaambiwa Sulayman aliokota kitu cha kuchezea barabarani kikalipuka. Ile ngano ilikuwa inamsogeza Parvana polepole mpaka aweze kulitamka hilo. Mi kwa kweli sijaona skripti ya katuni iliyofanya hivi vizuri zaidi.

Na kumbukeni hii ni kazi ya mkono, dakika 94, kila sekunde fremu 24, studio za Ireland, Kanada na Luxembourg zinagawana kazi, wakatafuta Waafghani wenyewe wawashauri. Katikati ya yote hayo yeye akakutwa na saratani ya matiti, ana watoto wadogo nyumbani, akatibiwa huku movi inaendelea. Mwenyewe amelisema hadharani. Movi ikagombea Oscar, tuzo ikachukuliwa na Coco ya Pixar, sawa, Coco ni nzuri.

2022 akatoa My Father's Dragon kwa Netflix, kutoka kitabu cha watoto cha 1948. Wengi waliiona nyepesi, na mi nakubali haina uzito wa Kabul, ila msiiruke. Elmer ndo mtoto tunayemfuata, mama yake duka limemfia, wamehamia mjini, hela hana na anajifanya mambo yako sawa. Halafu kwenye kisiwa anakoenda Elmer kumtafuta joka kuna sokwe kiongozi, kisiwa kinazama, wanyama wote wanamtegemea, na yeye anaficha kwamba hana jibu. Kwa hiyo safari hii kageuza kamera, anawaangalia watu wazima wanaodanganya watoto kwa sababu wanaogopa, na hawatukani, anawahurumia kama alivyomhurumia Razaq. Haya, nani ana swali, nyuma pale nimeona mkono.