Faili ni Nini Hasa?

Mabibi na mabwana, nianze na faili tupu. Ukiunda faili usiandike ndani yake hata herufi moja, kompyuta itakuonyesha ukubwa wa baiti 0, yaani hakuna hata kipande kimoja cha data. Je, hilo ni faili? Ndiyo, tena faili kamili: lina mwenyewe, lina ruhusa za nani asome na nani aandike, lina tarehe na saa. Yaliyomo, basi, si sharti.

Pengine ni jina? Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Katika Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, jina halimo ndani ya faili. Limo kwenye folda, na folda yenyewe ni orodha tu: jina, na namba yake pembeni. Namba hiyo ndiyo inayokufikisha kwenye taarifa za faili na mahali baiti zake zilipo diskini. Kwa hiyo faili moja laweza kuwa na majina mawili, na hakuna lililo la kweli kuliko jingine. Futa moja, faili lipo palepale. Futa yote mawili huku programu bado imelifungua, nalo litaendelea kuwapo bila jina lolote mpaka programu ilifunge. Tafadhali jaribuni hili kwa mikono yenu. Mimi lilinibadilisha kabisa namna ya kuelewa neno “kufuta”.

Herufi za mwishoni mwa jina nazo zisituhadae. Chukua picha ya PNG, uipe mwisho wa .txt: hakuna baiti iliyoguswa. Itazame kwa programu inayoonyesha baiti kama namba, na mwanzoni kabisa utakuta 137, kisha 80, 78, 71. Hizo tatu za mwisho ni herufi P, N, G.

Ken Thompson na Dennis Ritchie, waasisi wa Unix, walikwenda mbali zaidi: hata vifaa vilifunguliwa na kusomwa kama mafaili. Linux, mfumo uliofuata mfano wa Unix, imerithi fikra hiyo. Humo kuna faili liitwalo /proc/uptime, ambalo ukubwa wake huonekana ni 0, sawa na lile faili tupu. Lisome, utapata sekunde zilizopita tangu mashine iwashwe. Lisome tena, namba imeongezeka. Diskini halimo; mfumo hutunga jibu papo hapo unapouliza. Nami nasema bila kusita kwamba hilo nalo ni faili, kwa sababu umeliomba lifunguke, likafunguka, ukasoma baiti zake.