Teflon kwenye chemba: sahani isiungue, utando usibanduke

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Leo ni utando wa florokaboni, yaani tabaka jembamba la kaboni na florini linalolazwa juu ya kitu ndani ya chemba isiyo na hewa. Dada Rehema, ukiigonga sahani ya PTFE, yaani Teflon, kwa ayoni (atomu zenye chaji) za argoni, kinachotua kwenye kioo ni PTFE ileile?

REHEMA: Siyo. PTFE ina florini mbili kwa kila kaboni moja, ila utando wa sputa, yaani wa kugonga sahani hivyo, mara nyingi hushuka hadi 1.5 hivi. Minyororo imekatwakatwa, vipande vimeungana ovyoovyo. Ukiupima kwa XPS, kipimo cha eksirei kinachoonyesha atomu zimeungana vipi, badala ya kilele kimoja cha CF2 karibu na 292 eV utaona vinne.

BARAKA: Maji lakini hayashiki.

REHEMA: Hayashiki, tone linasimama kwa pembe ya digrii 105 hadi 110. Wengi wanataka hilo tu. Wa kukaangia mayai atafute njia nyingine.

BARAKA: Haya, tuwashe mtambo.

REHEMA: Umeme ni RF, wa masafa ya redio, wa megahezi 13.56. Ukitumia DC, umeme wa mkondo mnyoofu, chaji inarundikana usoni mwa sahani, maana PTFE haipitishi umeme, na plazma, ile gesi yenye ayoni, haisimami. Vuta hewa mpaka 10⁻³ Pa, ingiza argoni mpaka karibu 1 Pa. Sahani ya inchi 3 yenye unene wa milimita 3, anza na wati 30, panda kumi kumi kila baada ya dakika mbili tatu. Mimi nikifika 80 nasimama.

BARAKA: Kwa nini tusiweke 200 tumalize mapema?

REHEMA: Hapo ndipo sahani zinapofia! Bamba la shaba chini ya sahani linapozwa na maji, lakini PTFE inapitisha joto robo wati tu kwa mita kwa kelvini. Shaba ni karibu 400. Chini baridi, juu panaungua. Tena PTFE hutanuka mara saba hivi kuliko shaba, na pembeni imebanwa na pete. Itakwenda wapi? Inatuna katikati, inaachana na shaba, na ikishaachana haipoi tena. Dalili yake ni presha kupanda wakati valvu ya argoni hujaigusa: sahani yenyewe inatoa gesi. Usipunguze wati, zima.

BARAKA: Na wasio na sahani, wanaotumia gesi?

REHEMA: Gesi ya CF4 peke yake hailazi utando, inakula silikoni. Florini huru ni nyingi mno. Ukichanganya na hidrojeni, inazibeba zile florini kama HF, gesi kali ya hidrojeni na florini, ndipo utando unaanza kukaa. Gesi ya C4F8 ni rahisi zaidi, inamwaga CF2 kwa wingi. Viwanda vya chipu huitumia kufunika kuta za mashimo marefu ya silikoni. Ila kipande chako kikipigwa na ayoni zenye nguvu, gesi ileile inageuka kuwa mlaji. Pampu iwe na mafuta ya PFPE, yenye florini, si ya madini, na moshi upite kwenye kisafishio cha gesi. HF haina mzaha.

BARAKA: Kubanduka je?

REHEMA: Uchafu, au unene. Osha kioo kwa asetoni, kisha isopropanoli, kisha plazma ya argoni dakika tano. Jaribio la kwanza lisizidi nanomita 200. Ukimaliza usikimbilie kufungua. Utando bado una radikali, ncha za minyororo zilizokatika, zinazongoja oksijeni. Uache kwenye ombwe nusu saa. Hazitaisha zote, zitapungua.

BARAKA: Kesho yake mwenzako anataka kulaza alumini humo humo.

REHEMA: Atakulaani. Kuta zimeshika florokaboni, zitatoa florini kwenye kazi yake. Toa sahani ya PTFE kwanza, maana oksijeni itaila, halafu washa plazma ya oksijeni nusu saa.

BARAKA: Na kisafishio?

REHEMA: Kibaki kinafanya kazi. Kwenye kinachotoka kuna COF₂, gesi ya kaboni, oksijeni na florini, nayo ni sumu.